Nguvu Hukaa Penye Njia Moja

(Hotuba kwa viongozi wapya wa vikundi vya wakulima wa karafuu na mwani, Wete, Pemba)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Bi Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, wanangu mliobanana huko nyuma karibu na mlango, ahsanteni kwa kuniita. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie uongozi bora. Mniwie radhi, hilo sitalizungumza. Kila semina mnayokwenda mnaambiwa kiongozi awe mwadilifu, awe msikivu, awe na subira. Kisha mnarudi mtaani mnakuta asiye na hata moja katika hayo ndiye anayeogopwa na kila mtu. Leo nataka tulitazame lile ambalo semina hulipita kando: mtu huipataje nguvu juu ya wenzake, huishikiliaje, na humtoka vipi. Nyinyi mmechaguliwa juzi kushika pesa za watu. Nguvu mnayo tayari, mtake msitake.

Mimi nilikuwa karani wa masjala. Kwa vijana wasioijua, masjala ni pale barua zinapopokelewa, zikaandikwa na kutiwa kwenye mafaili. Karani wa masjala haulizwi rai yake na mtu yeyote, lakini kila karatasi hupita mkononi mwake, na mimi macho ninayo. Wakubwa wamekuja na wameondoka nikiwa nimekaa palepale. Nilichokiona ni hiki: mtu anakuwa na nguvu juu yako pale unapohitaji kitu, njia ya kukipata ni moja, na njia hiyo inapita mlangoni kwake. Cheo, sauti nene, gari lenye bendera, hata bunduki, ni namna tu za kuziba njia nyingine.

Katika ofisi moja niliyofanya kazi alikuwepo tarishi. Mshahara wake ndio uliokuwa wa chini kuliko sote. Lakini ufunguo wa chumba cha mafaili ya zamani alikuwa nao yeye, na rejista ilikuwa imeliwa na mchwa, kwa hivyo faili gani liko kabati gani alijua yeye peke yake. Anakuja mtu na shida ya hati ya shamba la marehemu babu yake. Mkubwa anasema faili liletwe. Tarishi anaingia chumbani, anakawia, anatoka mikono mitupu: "Halionekani, mzee. Labda kesho." Kesho mwenye shida anakuja na changu wawili ndani ya pakacha. Faili linaonekana! Mkubwa yule alikuwa mtu wa kupiga meza, watu wazima wakitetemeka mbele yake, lakini nimemwona kwa macho yangu amesimama nje ya chumba kile, mikono nyuma, anamngoja tarishi wake.

Baadaye akaletwa msichana aliyetoka skuli, akapewa kazi ya kuandika rejista mpya. Alikaa na vumbi lile mpaka akamaliza, kila faili na kabati lake. Tarishi hakufukuzwa wala hakuonywa. Ila pakacha zilikoma. Na asubuhi watu wakawa wanampita barazani, "Hujambo," wanaendelea na safari yao, na hao hao ndio waliokuwa wakisimama kumuuliza hali ya wanawe mmoja baada ya mmoja.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu khasa watu wa Pemba, nalo nitalikalia kidogo.

Kijijini kwetu alikuwepo mtu. Simtaji, huenda wajukuu zake wamo humu. Masika yakiingia, chakula kimepungua na karafuu bado changa, wazee wetu walikwenda kwake. Mchele ulitoka kwake, mafuta ya taa kwake, kanga za sikukuu kwake, na sanda pia. Alikuwa na daftari la jalada jeusi. Hakuwa mkali hata kidogo. Baba yangu alimwita "kaka", naye akimwita baba "mdogo wangu", na msibani alikuwa wa mwanzo kufika na wa mwisho kuondoka. Deni likishajaa, mzee anauza karafuu zikiwa bado mtini, mikarafuu kadhaa, kwa bei anayoitaja yule yule mwenye daftari. Msimu ukifika tunapanda mikarafuu yetu wenyewe na kuchuma kwa kulipwa kwa pishi. Usiku tunachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwa mwanga wa mafuta tuliyoyakopa kwake. Tunaanika juu ya majamvi, na mawingu yakikusanyika tunatoka mbio, watoto na wakubwa, kuanua mali ambayo si yetu tena.

Angalieni alivyofanya. Hakumlazimisha mtu. Alitoa! Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu kamwe. Nimesoma na kusikia mengi juu ya madhalimu, lakini nguvu nzito kuliko zote nilizowahi kuziona ilianza kwa fadhila. Na namna alivyoishika ilikuwa ya ustadi zaidi. Mtu akivuna vizuri, akaenda kulipa deni lote, alikuwa akimwambia, "Ya nini haraka hiyo? Acha kidogo, utahitaji mwakani." Alijua deni likimalizika, na mdeni naye kamaliza. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, watu wanalisema hilo kujiliwaza. Mimi nadhani ndilo lililo baya zaidi kwa zimwi hilo.

Alipotezaje? Hapakuwa na ugomvi. Mama na wenzake walianza upatu, pesa ndogo ndogo tu, ila zilitosha kununua mchele wa siku za shida. Kisha ndugu wa jirani zetu waliohamia Mombasa wakaanza kutuma chochote. Msimu mmoja baba alipita mbele ya duka lile na gunia la mchele begani, kalinunua Wete kwa taslimu. Akatoa salamu, ikaitikiwa, "Karibu, mdogo wangu." "Ahsante, kaka." Basi. Daftari likabaki mezani, na maneno yakabaki yale yale ya heshima.

Haya ya kijiji ndiyo ya serikali, ukubwa tu ndio unaotofautiana. Waingereza walipoona miaka ya 1930 kwamba wenye mashamba wamezama katika madeni, walitunga sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba yasichukuliwe na wakopeshaji, kisha wakataka biashara ya karafuu iwe mikononi mwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu. Walidhani wameshika njia yote. Walisahau kwamba mwisho wa njia ile yuko mnunuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi hapa wakagoma, chama cha Congress kule India kikawaunga mkono, na mwaka 1937 karafuu ya Zanzibar ikasuswa katika soko ambalo lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa iliyokuwa nayo. Mwaka uliofuata serikali ya wakoloni, yenye sheria, mahakama na manowari, ilikaa chini ikapatana.

Na sisi wenyewe baada ya uhuru? Karafuu zote zilitakiwa ziuzwe kwa shirika la serikali. Bei ilipokuwa ndogo, mkulima wa Pemba aliangalia upande wa Kenya, na usiku ukaingia, mashua zikatweka. Serikali iliunda kikosi kizima, na jina lake mpaka leo ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM. Hapa nina neno moja la kusema waziwazi: kuizuia njia ya pili kwa boti ni gharama isiyokwisha, kila usiku lazima uwe macho. Kuanzia mwaka 2011 mkulima alipopandishiwa bei, magendo yalipungua sana, na wala bahari haikuongezwa ulinzi mara kumi. Mtu hakimbii njia yako kama njia yako inamfikisha.

Watu wakizungumza jinsi sultani alivyopoteza nguvu, hupenda kuzungumza mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896, muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash pale pwani ya mji, na baada ya dakika 40 hivi kila kitu kilikuwa kimekwisha, watu wapatao 500 upande wa kasri wameuawa au kujeruhiwa, Khalid amekimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Vita vifupi kuliko vyote duniani, watalii huambiwa. Mimi karani nasema usultani ulipotea mwaka 1891, bila hata risasi. Mwaka ule Waingereza walichukua hesabu za serikali, wakamweka Sir Lloyd Mathews kuwa waziri mkuu, na sultani akapangiwa posho yake. Forodha ikikusanya ushuru, pesa haziendi tena kasri. Askari analipwa na nani? Karani analipwa na nani? Ukishaulizia hapo huna haja ya kuuliza nani anatawala. Bendera iliendelea kupepea na mizinga ya salamu ikipigwa, na Khalid miaka 5 baadaye aliingia kasri akidhani ameingia kwenye utawala. Aliingia kwenye nyumba.

Lakini ukoo ule ule nao ulishamfanyia mtu mwingine jambo hilo hilo. Ukitoka mjini Unguja kuelekea Chwaka, pale Dunga, pana magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu. Huyu alikuwa mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa Unguja, mwenye siwa, ile pembe ya kitawala, na ngoma zake, na masheha chini yake vijijini. Sayyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja hakumng'oa. Alimwacha na siwa yake, akamtumia kukusanya kodi na kuleta watu wa kazi. Kila mwaka ulivyokwenda, masheha waliona kwamba amri inatoka mjini na Dunga inaipitisha tu. Mwinyi Mkuu maarufu, Muhammad bin Ahmed, alifariki 1865. Mwanawe alimfuata 1873, na baada ya hapo hakuwekwa mwengine. Hapakuhitajika hata tangazo.

Masheha, lakini, walibaki. Wapo mpaka leo, mmoja yuko safu ya pili ananitazama. Salaam, sheha. Watawala wa aina zote wamepita visiwani hivi na kazi ya sheha haikuisha, kwa sababu kila anayetawala anahitaji mtu anayejua nyumba ipi ni ya nani. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi huanzia kwenye barua yake, na bila kitambulisho hicho mengi ya kijana hapa yamesimama, kura ikiwemo. Barua ya mistari minne tu. Sisemi sheha wetu anaitumia vibaya. Nasema kijana anayengoja barazani kwake anajua vizuri kuliko profesa maana ya njia moja.

Mapinduzi nitayapitia kwa haraka, maana kila mtu humu ana ya nyumbani kwao. Niseme mawili. Katika uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Kura moja! Julai 1963 ASP, chama cha Afro-Shirazi, ikapata kura nyingi kuliko nusu lakini viti 13 kati ya 31, na waliounda serikali ni wengine. Kwa mtu aliyepita njia ya sanduku mara zote hizo akakuta mlango umefungwa, usishangae akitafuta njia nyingine. Na serikali mpya nayo ikawaondoa kazini polisi wengi wenye asili ya bara, watu wanaojua ghala za silaha ziko wapi. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964.

La pili ni John Okello. Mwashi kutoka Uganda, aliyewahi kufanya kazi hapa hapa Pemba. Redio ilimtangaza Field Marshal, na kwa wiki chache sauti yake ilikuwa ndiyo serikali. Wazee wa Pemba wana kumbukumbu zao za bakora za mwaka ule, sitazifukua mbele ya watoto. Alisafiri, na aliporudi mwezi Machi hakuruhusiwa kukaa Zanzibar. Alikuwa na sauti na bunduki, lakini hakuwa na tawi, hakuwa na mtaa, hapakuwa na mtu aliyezaliwa naye wala aliyekula naye. Mzee Karume, kiongozi wa ASP, alikuwa na vyote hivyo: mabaharia, wenye motaboti za bandarini, vilabu vya mpira, wanachama wa miaka. Bunduki ilifungua mlango; aliyebaki ndani ni yule ambaye watu wangemtafuta hata asingekuwa na bunduki. Kisha akagawa eka tatu tatu za ardhi. Hapo tena tunarudi kwenye kutoa. Na ardhi iliyogawiwa ilibaki mali ya serikali. Aliyepewa alijua aliyempa ni nani.

Mzee Aboud Jumbe je? Januari 1984 alikwenda Dodoma akiwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano. Akatoka kikaoni amejiuzulu. Waraka aliokuwa akiuandaa juu ya muundo wa Muungano ulikuwa umeshamfikia Mwalimu Nyerere kabla yeye hajautumia. Sisi watu wa mafaili tulilisikia hilo tukatazamana. Mkubwa anadhani anaangushwa na adui zake, kumbe wengi huangushwa na droo ya meza zao. Alihamia Kigamboni, akaishi kwa dini na kusoma zaidi ya miaka 30, mpaka alipofariki 2016. Nadhani hakuna kiongozi wetu aliyeonesha vizuri kuliko yeye kwamba mtu anaweza kuwa na uzito bila ya kiti.

Na wapo ambao kiti hakikuwa na maana kwao kabisa. Maalim Seif Sharif Hamad, mtu wa Mtambwe, hapa jirani. Alikuwa Waziri Kiongozi, akaondolewa Januari 1988, akafukuzwa CCM, akawekwa ndani. Mkitaka kuona nguvu ilipokaa, tazameni Machi 2019. Mahakama iliamua kwamba mwenyekiti halali wa CUF, chama alichokuwemo Maalim, ni Profesa Lipumba. Maalim akasema, "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee." Usiku mmoja bendera zikashushwa, kuta za matawi zikapakwa rangi nyengine, wanachama wakahamia ACT-Wazalendo. Mwenye mahakama alipata jina, muhuri na majengo. Watu walikuwa wamekwenda na tanga. Unaweza kuwa humpendi Maalim, na wapo humu wasiompenda, haidhuru. Ila jiulize ni mkubwa gani mwengine unayemjua ambaye angebadilisha jina la chama leo na kesho asubuhi watu wakamfuata. Wale aliwapa nini? Si mchele, si eka tatu. Aliwapa kusikilizwa, na walimwona akilipa bei ya jambo lao kwa mwili wake. Mtu wa namna hiyo humwezi kumzibia njia, kwa sababu njia ya watu hao kumfikia imo ndani yao.

Basi, haya yote yanahusiana vipi na mwani na karafuu zenu?

Wanawake wa mwani mnajua. Mnunuzi anakupa kamba na taitai, zile nyuzi za kufungia mwani, na kwa ajili hiyo unamuuzia yeye, kwa bei yake. Ni yule mwenye daftari jeusi, isipokuwa huyu ana ofisi. Simchukii, bila kamba zake wengi msingeanza. Lakini kikundi kinachonunua kamba zake chenyewe, na kinachosaga sehemu ya mwani wake kuwa unga au kuutengenezea sabuni, hata kama faida yenyewe ni ndogo, siku ya bei kinazungumza kwa sauti nyengine. Nimekaa mikutano hiyo. Mnunuzi huanza kwa kuuliza, "Sabuni zenu zinakwenda vipi?" Anauliza kwa sababu anapima.

Na sanduku lenu la akiba. Lina kufuli tatu, ndivyo mlivyofundishwa. Nimezunguka vikundi, na najua pahala pengi funguo zote tatu zinalala kwenye kabati la mwenyekiti, eti kwa sababu kabati lake ni zuri. Zitoeni. Nyumba tatu, mitaa mitatu, na wenye funguo wasiwe wa mkoba mmoja. Daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, na asomaye asiwe aliyeliandika. Mwanachama akija kumaliza mkopo kabla ya wakati, apokewe siku ile ile, na asiambiwe, "Ya nini haraka?" Mkifanya hivyo, wenyeviti, mtajiona mmepungua. Hakuna atakayekuja kwenu usiku kunong'ona. Wapo mtakaowamisi. Kama hilo linawauma, semeni sasa, katiba ya kikundi inaruhusu kujiuzulu na mkutano mkuu si mbali.

Bi Katibu ananionesha saa, na alasiri inakaribia. Naona mikono imeshanyanyuliwa. Tuanze na yule mama wa Micheweni mwenye mtandio wa kijani, maana tangu nilipotaja kabati amekuwa akimtazama mwenyekiti wake.